Dereva anaweza "kujiuzulu"?

Msomaji anauliza: "Shikamoo mwalimu. Mimi dereva, nimeandika barua 'naomba kujiuzulu', bosi kacheka eti wanaojiuzulu ni mawaziri, wewe unaacha kazi tu. Na mwenzangu kaambiwa 'amesimamishwa', yeye kaelewa kafukuzwa. Tuelekeze."

Marahaba. Bosi wako hajakosea sana ila kucheka ndo hakukuwa na haja. Uzulu tumelitoa kwenye Kiarabu, ni kumvua mtu madaraka, kwa hiyo kujiuzulu kiasili ni kujivua mwenyewe na ndo maana masikio ya wengi bado yanasikia cheo humo ndani. Siku hizi linaandikwa kwa kila mtu hadi mlinzi, mi sioni kosa. Mbona staafu nalo limehama, kwa Waarabu istaafa ni kuomba kuachia kazi, sisi tukalipeleka uzeeni.

La mwenzako ndo zito. Kusimamishwa sio kufukuzwa jamani! Aliyesimamishwa bado ni mwajiriwa, anasubiri uchunguzi, sasa akipotea zake akidhani yamekwisha anaweza kuhesabiwa mtoro na hapo ndo kitumbua kinaingia mchanga kweli. Angalieni mkia wa kitenzi: ameacha, kaamua yeye. Ameachishwa, kaamua mwajiri, lakini bado hujajua ni kwa kosa au kapunguzwa sababu kazi zimepungua, kwa hiyo ukimwita aliyepunguzwa "kafukuzwa" umemchafulia jina bure. Hata Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unataka mwajiri awe na sababu halali na unazitenganisha: uwezo wa mfanyakazi, mwenendo wake, au mahitaji ya uendeshaji. Na mkataba wako wa kazi nao hivyo hivyo: umeisha, tarehe imefika tu. Umevunjwa, kuna mtu kauvunja. Umevunjika, mhh, hapo msemaji anamficha mtu.

Linalonikera mimi ni "ajira yako imesitishwa". Mapigano yakisitishwa yanaweza kurudi kesho, je ajira? Ukipewa barua ya hivyo muulize aliyeiandika, hadi lini au ndo basi tena?

Na ya kwako, toa hilo "naomba", anayeomba anaweza kunyimwa. Andika "natoa notisi ya kuacha kazi" kisha weka tarehe ya siku yako ya mwisho.