Filamu za Wapiga Picha Mashuhuri: Namna ya Kuzitazama Ukajifunza Kazi

Vijana wanaoanza kazi ya kupiga picha huniuliza wanunue kamera gani. Jibu langu huwa kwamba, kabla ya kuhangaikia lenzi nyingine, watafute filamu za hali halisi zinazoonyeshwa kwenye televisheni kuhusu wapiga picha wakubwa, wazitazame kwa makini, kisha wazirudie. Nimeishi kwa picha za harusi na za magazeti kwa miaka mingi, na mengi ninayoyajua kuhusu subira, mwanga na adabu ya kumkaribia mtu nimeyapata kwa kuwaangalia mafundi hao wakiwa kazini.

Si zote zinazofundisha, hata hivyo. Nyingi ni za kusifu tu: muziki mzito, wataalamu waliokaa kwenye viti wakieleza jinsi marehemu alivyokuwa na kipaji, na picha yenyewe inapita kabla jicho halijatulia. Filamu ya namna hiyo itakusisimua, lakini kesho ukishika kamera hutakuwa na jipya la kufanya. Tafuta ile inayokuonyesha mikono ya mpiga picha na inayokuruhusu kuona picha alizozikataa.

Kwa upande wa mikono, anza na War Photographer, filamu ya mwaka 2001 ambayo Christian Frei wa Uswisi aliitengeneza kuhusu Mmarekani James Nachtwey, mpiga picha wa vita. Frei alifunga kamera ndogo ya video kwenye kamera ya Nachtwey, kwa hiyo tunakiona kidole kikiwa juu ya kitufe na, mbele yake, watu wanaopigwa picha. Itazame mara ya pili ukiwa umezima sauti. Utaona kwamba bwana huyu hakurupuki: anasogea taratibu, anapima mwanga, anarekebisha kamera kwa kidole, naye hana haraka ya kuondoka mbele ya watu waliofiwa. Ipo pia sehemu ya chumba cha giza, yaani chumba cha kusafishia na kuchapia picha za filamu, ambamo fundi anaichapa upya picha moja kubwa, akiongeza weusi hapa na kuupunguza pale, mpaka Nachtwey aridhike. Ninawasihi wanaohariri picha zao kwa simu katika muda wa kunywa chai waitazame sehemu hiyo peke yake, hata kama hawatapata nafasi ya kuimaliza filamu nzima.

Kuhusu picha zilizokataliwa, sijaona kinachoshinda Contacts, mfululizo wa Kifaransa uliotokana na wazo la mpiga picha William Klein. Kila kipindi ni kifupi, na hakuna mtangazaji. Unachoona ni karatasi zenye picha zote za mkanda zikiwa ndogo ndogo, moja baada ya nyingine, huku sauti ya mpiga picha mwenyewe ikieleza kwa nini hii aliiacha na ile akaichagua. Hapo ndipo mtu anapoelewa kwamba picha maarufu ilikuwa na ndugu zake kadhaa waliokaribia kufanana nayo, na kwamba kuchagua ni nusu ya kazi. Simamisha kipindi kabla hajasema chaguo lake, uchague wewe kwanza, kisha uendelee. Zoezi hili limenisaidia kuliko kozi yoyote.

Jambo la tatu ni kujua nani anasimulia. The Salt of the Earth, ya mwaka 2014, inamhusu Mbrazili Sebastião Salgado, ambaye aliifahamu Rwanda akiwa mwanauchumi wa shirika la kahawa kabla ya kugeukia kamera mwaka 1973, akarudi tena wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994 na kuwafuata wakimbizi hadi Kongo. Mwongozaji Wim Wenders alimweka mbele ya picha zake kwa mtambo unaofanya uso wake uonekane juu ya picha anayoizungumzia, na sura inavyobadilika anapofika kwenye zile za Rwanda inaeleza mengi kuliko maneno. Lakini mwongozaji mwenza ni mwanawe, Juliano, na lile swali ambalo wakosoaji wamekuwa wakiuliza, yaani kama ni haki mateso ya watu yapigwe kwa uzuri kiasi kile, filamu hailishikilii kwa nguvu. Mtazamaji, hasa sisi ambao waliomo pichani ni jirani zetu, hana budi kulibeba mwenyewe.

Mo & Me nayo inasimuliwa na mtoto, Salim Amin, akimweleza baba yake Mohamed Amin, mpiga picha wa habari mzaliwa wa Nairobi aliyeanzisha kampuni yake ya picha, Camerapix, Dar es Salaam mwaka 1963. Mkanda alioupiga Korem, Ethiopia, mwaka 1984 uliifanya dunia ione njaa ile. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha jijini Addis Ababa ulimkata mkono, naye akarudi kazini na mkono wa bandia. Mwaka 1996 akafariki katika ndege iliyotekwa na kuanguka baharini karibu na Komoro. Ninachokithamini zaidi ni kwamba mwana hafichi gharama ambayo familia ililipa kwa baba asiyekaa nyumbani. Kijana yeyote wa Afrika Mashariki anayetamani kazi ya habari aione pamoja na wazazi wake au mwenzi wake.

Finding Vivian Maier, kuhusu yaya aliyekuwa pia mpiga picha, naiweka mwisho. Inavutia, ila inahusu zaidi John Maloof na masanduku ya negativu zake (filamu ambazo picha huchapwa kutokana nazo) aliyoyanunua mnadani Chicago mwaka 2007 kuliko jinsi yule yaya alivyofanya kazi. Ukiitazama, tafuta kitabu cha picha zake siku hiyo hiyo, ukae na kila ukurasa kwa muda ambao televisheni haiwezi kukupa, ukijiuliza alisimama wapi na jua lilitokea upande gani.