Wazazi Wametengana: Nani Aingie Kwenye Fomu ya Msaada wa Chuo?

Maswali ya leo yametoka kwa familia zinazoishi Marekani, na yote yanazunguka fomu mbili: FAFSA, ya msaada wa serikali kuu, na CSS Profile, inayotakiwa na baadhi ya vyuo. Tafadhali msizichanganye. Kanuni zake hazifanani.

Shikamoo. Wazazi wangu waliachana. Naishi kwa mama, lakini baba ndiye analipa bima yangu na gari. Kwenye FAFSA nimweke nani?

Marahaba. Mweke aliyetoa fedha nyingi zaidi za kukutunza katika miezi 12 kabla ya siku unayojaza. Usikimbilie kusema ni baba. Piga hesabu kwanza. Nyumba unayolala kwa mama, chakula, nguo na matibabu navyo vina gharama. Zamani fomu iliuliza umekaa kwa nani siku nyingi zaidi. Kanuni hiyo ilifutwa kuanzia mwaka wa masomo 2024–25, ila ndugu waliosoma kabla ya hapo bado wanaitolea ushauri kwa kujiamini kabisa.

Mahakama ilimpa nani malezi, au nani anakuandika kama mtegemezi kwenye kodi yake, hakuamui jambo hili. Michango ikilingana, anawekwa mwenye kipato na mali zaidi. Najua kishawishi kilipo: kumchagua mwenye kipato kidogo ili ruzuku iongezeke. Usifanye hivyo. Unatia saini kwamba uliyoandika ni kweli, na chuo kinaweza kudai vielelezo.

Mimi na mume wangu tumetengana, ila kodi ya nyumba imetushinda, bado tunakaa pamoja. Niandike kwamba tumetengana?

Hapana, mama. Mkiwa chini ya paa moja, FAFSA inawahesabu kama wanandoa, na taarifa za wote wawili zinatakiwa. Hata talaka ikishatoka, mradi bado mnaishi pamoja, wote mtaingia. Kitakachobadilika ni jibu la swali la hali ya ndoa tu.

Nimeolewa tena. Mume wangu anasema mtoto si wake, hajazi chochote.

Kama wewe ndiye mzazi unayeingia kwenye fomu, na siku ya kujaza mko kwenye ndoa, kipato chake kinahesabiwa. Mkataba mliowekeana kabla ya ndoa haubadilishi hilo. Kama kodi ya mwaka unaoulizwa mliwasilisha pamoja, kwa kawaida yeye hahitaji kufungua akaunti yake ya StudentAid.gov, tovuti ya serikali inayojaziwa FAFSA. Kama kila mtu aliwasilisha yake, lazima afungue akaunti na aridhie taarifa zake za kodi zichukuliwe. Asiporidhia, mtoto hatapata msaada wa serikali kuu, hata ruzuku ya Pell, yaani fedha za serikali kwa wanafunzi wenye uhitaji ambazo kwa kawaida hazirudishwi.

Nadhani anachoogopa ni kudaiwa ada. Mweleze kwamba kuingia kwenye fomu hakumfungi kisheria kulipa hata senti. Mazungumzo hayo yafanyeni mapema, si usiku wa siku ya mwisho ya kutuma.

Baba aliondoka nikiwa mdogo, hatujui alipo. Chuo kimoja kinataka ajaze CSS Profile.

FAFSA haitamgusa. CSS Profile ni ya College Board, shirika la elimu la Marekani, na hutumiwa na vyuo, vingi vya binafsi, kugawa fedha zao wenyewe. Baadhi huuliza wazazi wote wawili hata kama waliachana miaka mingi. Kiombe chuo kikuondolee sharti la taarifa za mzazi asiyeishi nawe. Eleza lini mliwasiliana mara ya mwisho na kama aliwahi kutoa matunzo, kisha ambatanisha barua ya mtu anayewajua asiye ndugu: mwalimu, kiongozi wa dini, ofisa wa ustawi wa jamii. Kila chuo huamua chenyewe, kwa hiyo kimoja kukubali hakukulindi kwa kingine. Na tahadhari: baba anayepatikana ila hataki tu kulipa, kwa kawaida hiyo haitoshi.

Kodi ya 2024 tuliwasilisha pamoja, sasa tumeachana na kila mtu ana kwake. FAFSA ya 2026–27 niijaze vipi?

Hali ya ndoa ni ya siku unayojaza. Kipato ni cha 2024. Tenganisha sehemu yako kwa kutumia W-2 zako (karatasi za mwajiri zinazoonyesha mshahara na kodi iliyokatwa), na uhifadhi hesabu hiyo, kwa sababu ofisi ya misaada ya chuo inaweza kuiulizia. Kipato kikiwa kimeshuka sana baada ya kuachana, iandikie ofisi hiyo na vielelezo. Ina mamlaka ya kurekebisha.

Matunzo ya mtoto ninayopokea yanaandikwa kwenye FAFSA?

Ndiyo, jumla ya mwaka wa kalenda uliokamilika karibuni.

Mama ndiye ananitunza zaidi, lakini yuko nje ya nchi na hana namba ya Social Security, ile ya utambulisho ya Marekani.

Anaweza kufungua akaunti ya StudentAid.gov bila namba hiyo. Kipato chake cha huko mkiandike kwa dola.