Raba ya friza inageuka ubao, nitaijuaje nzuri kabla sijanunua?

SWALI: Shikamoo fundi. Nauza sangara wa kugandisha hapa Kirumba, friza yangu ni kubwa ya mlango wa komeo, naiseti nyuzi 18 chini ya sifuri. Nimebadilisha raba ya mlango, wiki haijaisha imekakamaa kama ubao na barafu inajaa pembeni. Dukani waliikunja mbele yangu ikakunjika vizuri tu! Nipimeje nisipigwe tena?
Mama Sangara, Kirumba

JIBU: Marahaba mama. Waliikunja kwenye joto la Mwanza, hapo hata raba mbovu inacheza. Omba kipande, kibane kati ya vibao viwili kwa bolti mpaka unene upungue kama robo hivi, tupia frizani afu usikiguse siku 3 au 4. Najua utataka kuchungulia kesho yake, acha, maana mpira wa asili ule wa utomvu unaganda pole pole kama samli, na karibu na nyuzi 25 chini ya sifuri ndo unaganda haraka zaidi, kwahiyo jioni ya kwanza unaweza kuuona mzima kabisa.

Kufungua fungulia humohumo frizani, vaa glavu, ukikitoa nje kinapata joto fasta kinakudanganya. Legeza bolti uangalie, kikirudi unene wake sawa, kikibaki bapa kama chapati hicho ndo kinaacha mwanya mlangoni. Wengi wanatafuta ufa, mi naona wanakosea, raba inaweza isipasuke na bado isizibe.

Chombo cha anga cha Challenger kilipolipuka Florida tarehe 28 Januari 1986 wakafa watu 7, shida ilikuwa hiyohiyo, asubuhi ilikuwa ya baridi na oringi za roketi, yaani pete za raba za kuziba maungio, zikashindwa kurudi haraka kuziba. Mwanafizikia Richard Feynman alionyesha mbele ya tume iliyochunguza ajali hiyo, akabana kipande cha oringi kwa klempu akakizamisha kwenye glasi ya maji ya barafu, alipoachia hakikurudi haraka. Glasi ya maji mama, wala sio maabara!

Dukani ulizia silikoni, inabaki laini hata nyuzi 50 chini ya sifuri. Naitrili, aina nyingine ya raba, inavumilia mafuta lakini zipo zinazokakamaa kwenye nyuzi 20 tu chini ya sifuri, na rangi haikusaidii, nyeusi zote zinafanana. Muuzaji akigoma kukukatia kipande nunua nusu mita kwanza.