Nimealikwa nyama choma ugenini, niende na nini?

SWALI: Shikamoo mama. Nipo nje ya nchi kwa mafunzo ya kazi. Dada mmoja tunayesoma naye amehamia nyumba mpya, na Jumamosi ametualika tukachome nyama uani kwake. Waalikwa wote ni wageni waliokuja huku kikazi, kila mmoja na nchi yake, na ninayemfahamu ni mwenyeji tu. Mimi ni Mwislamu: sili nguruwe wala nyama isiyo halali, na pombe sinywi. Naona haya kumwambia, asije akadhani najidai. Nijisingizie ugonjwa? Na nikienda, nibebe zawadi gani?
Msomaji aliye safarini

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ugonjwa wa kusingizia una tabu yake: Jumatatu mtaonana darasani, naye atakuuliza unaendeleaje. Nenda.

La chakula liseme leo, usingoje ufike uani na sahani mkononi. Mwandikie ujumbe mfupi: "Nitakuja. Nyama ninayokula ni ya halali tu, kwa hiyo nitabeba yangu, naomba nafasi jikoni." Basi, usianze kuomba radhi wala kumhutubia. Katika mkusanyiko kama huo huenda yupo pia asiyekula ng'ombe, au ambaye karanga zikimgusa anavimba koo. Mwenyeji hukwazwa zaidi na sahani inayorudi kama ilivyokwenda.

Mtihani wenyewe uko kwenye wavu. Soseji za nguruwe zikishachuruzisha mafuta pale, kuku wako atalala juu yake. Omba yako itangulie wavu ukiwa umesuguliwa, au nenda na wavu wako mdogo. Koleo nalo liwe lako. Kila karamu ina bwana mmoja aliyejiteua kuwa mchomaji, na huyo atageuza kila kitu kwa koleo moja huku akipiga soga. Usimfundishe kazi, simama tu karibu na nyama yako. Ukiona yote hayo ni mzigo, peleka samaki. Hana sharti la kuchinjwa, na ukimfunga vizuri kwenye foili hagusani na chochote.

Ukibeba kuku mbichi, mweke kwenye barafu. Asikae nje ya ubaridi kwa zaidi ya saa mbili, na joto likipita nyuzi 32 za Selsiasi, isizidi saa moja. Mkaa usubiriwe mpaka uvae jivu la kijivu ndipo apande jikoni, maana moto wa ndimi humbabua nje akabaki mbichi mfupani. Ndani anatakiwa afike nyuzi 74. Mwenye kipimajoto apime pale nyama ilipo nene. Akiiva, asirudi kwenye bakuli alilotoka.

Zawadi? Aliyehamia juzi bado anaruka maboksi, kwa hiyo maua yatamtuma kutafuta chombo, na picha kubwa ya ukutani itamsumbua siku mkataba wake wa kazi ukiisha. Mimi ningempelekea mfuko wa barafu, mkaa wa akiba na juisi za baridi. Pombe usinunue, hata kwa ajili ya wengine, hakuna atakayekudai.

Jiandae pia kwa mazungumzo. Wageni wakikutana ugenini hupenda kuwasema wenyeji wa nchi: foleni za vibali, kodi za nyumba, hali ya hewa. Sikiliza, lakini usichangie sana. Huenda jirani wa upande wa pili wa ukuta anasikia kila neno, na dada yako ndiye atakayebaki naye.

Mvua ikinyesha, atatokea mtu wa kusema jiko liingizwe ndani au kwenye banda la gari. Kataa, hata kama unayemjua ni mwenyeji tu. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, nayo huua. Mlango ulioachwa wazi hautoshi. Nyama na ingoje mvua ipite.