Sadaka yenye faida: maswali yenu wiki hii

Zuckerberg, mwanzilishi wa Facebook, alitangaza kutoa asilimia 99 ya hisa, kisha nasikia kafungua kampuni. Huyo katoa au kajipa? (Msomaji, Tanga)

Desemba 2015 yeye na mkewe, Priscilla Chan, waliahidi kutoa katika uhai wao asilimia 99 ya hisa zao za Facebook, wakati huo dola bilioni 45 hivi. Hawakuunda wakfu wa hisani, waliunda kampuni binafsi. Marekani, wakfu hutakiwa kutoa kama asilimia 5 ya mali yake kila mwaka na kuweka hesabu hadharani. Kampuni haibanwi hivyo: inanunua hisa, inachuma faida, hata siasa inaingia. Waliosema ni ujanja wa kukwepa kodi waliteleza kidogo. Kuhamishia hisa kwenye kampuni yako hakukupi nafuu ya kodi. Nafuu huja mali ikifika kwa shirika la hisani lenyewe. Alichopata ni uhuru, na pazia.

Fedha za namna hiyo zimewahi kufika kwetu? (Msomaji, Nairobi)

Zimefika. Mwaka 2016 kampuni hiyohiyo iliongoza uwekezaji wa dola milioni 24 katika Andela, iliyokuwa ikinoa waandishi wa programu Lagos na Nairobi. Kabla yake Acumen, mfuko wa hisani unaowekeza badala ya kugawa bure, ulioanzishwa 2001, ulikikopesha kiwanda cha A to Z cha Arusha kitengeneze vyandarua vyenye dawa ya muda mrefu. Mbu haulizi chandarua kimetokana na mkopo au zawadi.

Ila mkopo una meno. Nilikuwa kwa shangazi, Bungoma, jioni taa yake ya sola ya kulipia kidogo kidogo ilipozimika. Betri ilikuwa imejaa. Alikuwa hajatuma hela ya siku mbili, na kampuni ikaifunga kutoka hukohuko iliko. Shangazi akawasha koroboi, akaendelea kuchambua maharagwe.

Babu anasema ukitaka faida, hiyo si sadaka. (Msomaji, Lamu)

Mkumbushe maduka ya waqfu. Duka linapangishwa, pango linanunua mikeka ya msikiti. Faida ipo, tena tangu zamani! Tofauti ni kwamba aliyeweka waqfu keshatoka, duka halirudi mfukoni mwake. Bilionea wa kampuni bado kashika funguo.

Imewahi kuharibika? (Msomaji, Kampala)

Soma habari za Compartamos ya Mexico. Ilianza 1990 kama shirika lisilo la faida, ikikopesha wanawake maskini. Aprili 2007 hisa zake zikauzwa sokoni, wenye hisa wakavuna zaidi ya dola milioni 400, huku mkopaji akilipa riba ya karibu asilimia 100 kwa mwaka, kodi ikiwamo. Muhammad Yunus, mwanzilishi wa Benki ya Grameen ya Bangladesh inayokopesha maskini, alilaani waziwazi. Sehemu ya mavuno ilirudi kwa mashirika ya hisani yaliyowekeza mapema. Nyingine ilikwenda kwa watu binafsi, wakurugenzi wakiwamo.

Nina milioni mbili za shilingi na mtoto wa jirani kakosa ada. Nifungue mfuko wa aina hii? (Msomaji, Morogoro)

Wakili atazila zote. Lipa ada.