Kukanda farasi anayerusha kichwa: yaliyonipata na Ngano wangu, Njoro

Dada wa Kitale, umeuliza kama yule mama anayekanda farasi anaweza kumponya farasi wako anayerusha kichwa kila akitolewa bandani, au ni pesa ya kutupa. Nimepita njia hiyo. Kukanda hakukumponya farasi wangu. Lakini bila kukandwa, mpaka leo nisingejua anaumwa nini hasa. Pesa ile siijutii, ingawa kiasi chake nilikitumia kijinga, na huo ujinga ndio nataka uukwepe.

Farasi wangu anaitwa Ngano, kwa ajili ya rangi yake. Amehasiwa. Alikimbia mashindano kwenye uwanja wa Ngong miaka michache bila kuleta kikombe nyumbani, nikamnunua akiwa na miaka saba. Alikuwa mpole wa kupandwa na watoto wa majirani Jumamosi. Alipofikisha tisa, mwezi wa Januari, kiangazi kimekaza na vumbi la Njoro limejaa hewani, akaanza mambo.

Naomba uangalie wako vizuri, maana kuna kutikisa kichwa na kutikisa kichwa. Farasi anayefukuza nzi hukizungusha kwa uvivu, huku na huku, na mkia unasaidia. Ngano alikuwa anakipiga juu ghafla, mara moja, kama mtu aliyeguswa pua na waya wa stima. Kisha anakoroma, anapiga chafya, anasugua pua kwenye goti lake la mbele huku miguu bado inaenda. Siku aliyofanya hivyo nikiwa mgongoni tukienda mbio ndogo, alijikwaa kwenye mguu wake mwenyewe, nikatangulia mimi chini. Bega liliuma wiki mbili. Tangu hapo mtoto hapandi, na mtu wako yeyote asisimame mbele ya uso wa farasi huyo akimvalisha hatamu. Kile kichwa kikikupata kidevuni utaona nyota mchana.

Kabla ya mkandaji yeyote, daktari wa mifugo. Najua unajua, lakini narudia kwa sababu mimi nilichelewa. Jirani yangu, mzee aliyekuwa saisi, yaani mtunza farasi, tangu ujana wake, ndiye aliyenisukuma. Alimshika Ngano sikio, akalikunja nje kama mfuko wa suruali, akachomoa kupe wawili walioshiba. Ni wale kupe wa masikioni wanaoleta ndigana kali kwa ng'ombe. Nikafurahi, nikasema basi tumemaliza. Kesho yake mchana kichwa kikaruka vilevile.

Daktari alipokuja alianza na mdomo. Meno ya farasi huendelea kuchomoza kwa miaka mingi, na taya la juu ni pana kuliko la chini, kwa hiyo kingo za nje za magego ya juu huachwa bila kusagika zikawa kama visu vya kukata shavu. Alizipunguza kwa tupa. Akaangalia macho, akapitisha kamera puani mpaka kwenye mifuko ya hewa iliyo karibu na koo, hakuona kitu. Ndipo aliponitajia neva ya trijemina, ile inayobeba hisia za uso mzima. Kwa farasi wa namna hii ukiitazama neva yenyewe ni nzima, haina kidonda, ila imekuwa nyepesi kushtuka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Davis waliipima kwa umeme wakakuta neva ya farasi mgonjwa inaamka kwa umeme mdogo kuliko ya farasi mzima. Jua, upepo, vumbi, hata mwendo wenyewe, vinatosha kuichokoza. Unawajua watu ambao wakishuka kwenye matatu na kukutana na jua wanapiga chafya tatu mfululizo? Ni jambo linalofanana na hilo, ila kwa farasi linakuja na maumivu.

Daktari aliposema hakuna dawa ya uhakika, mimi nilisikia "hakuna dawa" tu. Hapo ndipo nilipomtafuta mkandaji.

Alikuja kutoka upande wa Gilgil, kule kwenye farasi wa polo. Mama wa makamo, mikono mipana kama ya mwoka mikate. Jambo la kwanza aliloniuliza ni kama daktari amemwona farasi na amesema nini, na hakufungua hata begi mpaka nilipompigia daktari simu wakaongea. Huyo wako asipouliza swali hilo, mshukuru kwa safari na umpe nauli arudi. Kisheria anayetibu mnyama Kenya ni aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo, na mkandaji mwenye akili anajua mpaka wa kazi yake.

Hakuanza kwa kukanda. Alimtazama Ngano akitembea kwenda na kurudi, akaomba tandiko, akalilaza mgongoni bila kitambaa, akapitisha vidole chini yake. Upande wa kulia vidole vilipita. Wa kushoto vilikwama nyuma ya bega. Miaka miwili nilikuwa naketi juu ya kitu hicho sijui. Halafu akaweka kiganja shingoni, akakiacha tu, dakika nzima, mpaka Ngano akaacha kumshangaa. Akashuka polepole na ncha za vidole kutoka kisogoni. Alipofika chini ya sikio la kushoto, pale nyuma ya taya, ngozi ilitetemeka na farasi akainua kichwa, jicho likaonyesha weupe. Mama hakusukuma. Alilegeza mkono, akangoja, akarudi tena kwa uzito wa yai. Baada ya robo saa hivi mdomo wa chini ukaanza kuning'inia, masikio yakaenda kando kama ya punda, na Ngano akapiga mwayo mrefu, meno yote nje, mara tatu. Sijawahi kumwona amelegea namna ile. Saisi wangu alicheka akasema huyu sasa atadai chai.

Alikuja mara tatu, mwisho wa Machi hadi katikati ya Aprili, shilingi elfu tano kila safari na mafuta juu yangu. Na Ngano akapata nafuu! Kurusha kichwa kulipungua mpaka nikaanza kuwapigia watu simu. Nilimtangaza yule mama Nakuru nzima.

Unaona kosa langu? Aprili mvua ilikuwa imeanza. Mawingu yametanda, vumbi limelala. Katikati ya Mei likaja juma la jua kali, na Jumatano saa sita mchana Ngano akarudi palepale, kana kwamba hajawahi kuguswa na mtu. Nilitaka kuamini, maana pesa ilikuwa imeshatoka. Ukisoma maandishi ya Ulaya utakuta wanasema ugonjwa huu mara nyingi huja siku zao zinaporefuka na kupungua baridi ikirudi. Huku kwetu mchana ni saa kumi na mbili mwaka mzima, kwa hiyo usihesabu miezi, hesabu mawingu.

Kwa hasira nikanunua daftari, na hilo nakushauri ununue leo kabla hujamlipa mtu. Kila siku niliandika saa, jua au wingu, upepo, na idadi ya mapigo ya kichwa kwa dakika tano za kumzungusha kwa kamba ndefu. Saa sita mchana ya jua: thelathini na nane. Siku hiyohiyo saa moja jioni, giza likiingia: mawili. Nikampigia simu mama wa Gilgil, si kwa ugomvi, nikamsomea. Akasema hivyo ndivyo alivyoshuku, na akaja mara ya nne bila malipo, mchana wa jua, tukahesabu kabla na baada. Thelathini na sita kabla. Thelathini na nne baada.

Lakini kitu kingine kilikuwa kimebadilika kweli, na hakikurudi. Ngano alikuwa anakataa kupinda kushoto. Sasa ukimwonyesha karoti analeta pua mpaka ubavuni pande zote mbili. Zamani alikuwa pia na tabia ya kuvuta lijamu na kunyanyua kichwa hata asubuhi ya mawingu, na mimi nilikuwa nahesabu yote kama ugonjwa mmoja. Kumbe yalikuwa mawili. Moja lilikuwa shingo na bega, kazi ya tandiko baya, na hilo mikono yake pamoja na tandiko jipya ililimaliza. La pili ni la neva, na neva hiyo haikandiki. Lile la kwanza lilipoondoka, la pili likabaki peke yake uwanjani na daktari akaliona vizuri.

Kuna mwingine alinijia baadaye akisema mfupa wa kwanza wa shingo umehama, atauvuta urudi kwa kishindo. Nilimwambia mfupa huo ungekuwa umehama kweli, farasi asingekuwa amesimama hapa anakula nyasi zangu. Usimruhusu mtu kumvunja farasi wako shingo kwa jina la tiba.

Kilichopunguza mapigo ni wavu wa puani. Unafungwa kwenye hatamu, unaning'inia juu ya pua na kugusagusa mdomo wa juu muda wote, na inaonekana ule mguso unaishughulisha neva. Kwa farasi wengine haufanyi chochote, na Uingereza walipowauliza wenye farasi, walioona nafuu kubwa walikuwa kama robo tu. Lakini ni rahisi na hauna madhara, kwa hiyo anza nao. Huku haupatikani dukani. Nilinunua soksi ndefu za kike za mitumba pale Nakuru, nikampelekea fundi cherehani azishonee ukanda. Akaniuliza ni za nani nichukue kipimo. Nikamwambia za farasi. Aliniangalia, akaangalia soksi, akasema atahitaji malipo kabla.

Kwa wavu, saa sita ya jua, Ngano hupiga kumi na nne. Nikiongeza kinyago cha macho kinachopunguza mwanga, tisa au kumi. Bado simpandi mchana. Natoka naye saa kumi na moja jioni, na hapo ni farasi kama wengine. Kule Bristol, Uingereza, kuna tiba ya kupitisha sindano yenye umeme mdogo chini ya ngozi ya uso, kando ya neva, na daktari wangu anaifuatilia, ila hiyo si ya wiki hii wala ya mfuko wangu.

Mama wa Gilgil bado namwita, mara moja kila miezi miwili, kwa ajili ya mgongo na shingo. Farasi anayerusha kichwa hivyo lazima akaze misuli, na anastahili mtu wa kuilegeza. Huwa naandika daftarini siku aliyokuja, na sitafuti tena muujiza kwenye mstari wa chini yake.

Uliomba picha ya wavu. Nitaiweka Ijumaa fundi akimaliza wa pili. Wa kwanza Ngano ameula.