Mfungwa wa kisiasa darasani: anza na shtaka

Ukitaka darasa lisinzie, andika ubaoni vifungu vyote 30 vya Tamko la Haki za Binadamu la 1948. Mimi huanza na mtu mmoja na shtaka lake. Abdilatif Abdalla, kwa mfano: kijana wa miaka 22 aliyekamatwa Kenya kwa sababu ya waraka uitwao “Kenya: Twendapi?”, akafungwa miaka mitatu kwa uchochezi mwaka 1969. Gerezani aliandika kwa siri, kwenye karatasi za chooni, mashairi yaliyochapishwa baadaye kama “Sauti ya Dhiki”. Wanafunzi wakisikia karatasi za chooni hucheka. Waache wacheke, kisha uliza: nani alinufaika yeye kunyimwa karatasi ya kawaida? Hapo kifungu cha 19, cha uhuru wa maoni, kinaingia chenyewe. Ongeza cha 9 kuhusu kukamatwa ovyo na cha 10 kuhusu mahakama huru. Kwa kipindi kimoja vinatosha.

Kipindi cha pili ni cha Mandela, lakini si yule wa kalenda, mzee mwenye tabasamu. Amnesty International, shirika la kutetea haki za binadamu, ilimtetea kama mfungwa wa dhamiri (aliyefungwa kwa imani yake bila kutumia wala kuhimiza nguvu) alipofungwa 1962. Baada ya hukumu ya kesi ya Rivonia, ya hujuma dhidi ya serikali ya ubaguzi wa rangi, mwaka 1964 ikamwondolea jina hilo, kwa kuwa alikuwa ameunga mkono matumizi ya nguvu. Je, hakuwa mfungwa wa kisiasa? Gawa darasa pande mbili, wabishane, nawe unyamaze. Najua kunyamaza ndiyo kazi ngumu zaidi kwetu walimu. Ingilia tu mtu anapotoa dai bila ushahidi: alishtakiwa kwa kosa gani, sheria ilitungwa na nani, wakili alikuwepo?

Sipendi mchezo wa kumfungia mwanafunzi chumbani “aonje jela”. Huwezi kujua nani ana baba aliye ndani, wala nani mama yake ni askari magereza. Badala yake, chukua Kanuni za Mandela za 2015, za Umoja wa Mataifa kuhusu kuwatendea wafungwa, zinazosema kumtenga mfungwa peke yake saa 22 au zaidi kwa siku, kwa zaidi ya siku 15 mfululizo, ni marufuku. Kila mmoja aandike ratiba yake ya jana, kisha afute kila alichofanya na mwenzake. Ukurasa hubaki karibu mtupu, na darasa hutulia bila kuambiwa.

Chagua kesi kutoka nchi na serikali za mirengo tofauti, la sivyo watadhani haki huvunjwa na jirani tu. Mkiandika barua ya kumtetea mfungwa kwa wakuu wa nchi fulani, iwe ya adabu: jina la mfungwa, shtaka, ombi moja. Anwani za nyumbani zisiwekwe, na wazazi wajulishwe mapema. Asiyetaka kutia saini mpe kazi nyingine yenye alama zilezile, bila kumuuliza sababu mbele ya wenzake.